Nyumba za Miungu ya Babeli na Hoja ya Nabii Ibrahim (A.S.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumsalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.): Kila tufikapo katika darasa zetu za tafsiri kwenye visa vya Nabii Ibrahim (A.S.), wanafunzi hutuuliza: Watu wale aliojadiliana nao walikuwa watu gani? Je, walikuwa wajinga kabisa hata wakaviabudu vitu walivyovichonga kwa mikono yao wenyewe? Swali hili ni zuri, na jawabu lake lina manufaa makubwa kwetu sisi watu wa pwani. Kwa sababu hiyo tumeona tulieleze jambo hili kwa urefu kidogo, ili msomaji azisomapo aya zile awe kama mtu aonaye kwa macho yake.

NCHI YENYEWE NA WATU WAKE

Nchi tunayoikusudia ni ile iliyo baina ya mito miwili mikubwa, Dijla na Furati, na leo sehemu yake kubwa imo katika dola ya Iraki. Watu wa kale kabisa waliotuachia maandishi huko ni Wasumeri. Kisha wakaja Waakadi, na Wababeli, na Waashuri, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiarabu. Miji yao mashuhuri ni Eridu, Uruk, Ur, Nippur, Babeli na Ninawi, mji wa watu wa Nabii Yunus (A.S.).

Watu hawa hawakuwa wajinga wa mambo ya dunia. Maandishi ya kwanza kabisa yanayojulikana yametoka katika mji wao wa Uruk, yapata miaka 3300 kabla ya Nabii Isa (A.S.). Walikuwa wakiandika kwa kalamu ya tete juu ya vipande vya udongo mbichi, na mambo waliyoyaandika kwanza ni hisabu za nafaka na kondoo. Hata leo tuigawanyapo saa katika dakika 60, na dakika katika sekunde 60, twafuata hisabu iliyotoka kwao. Mfalme wao Hammurabi, aliyetawala Babeli katika karne ya 18 kabla ya Nabii Isa, aliziandika sheria zake juu ya jiwe lililo refu kuliko kimo cha mtu, nalo leo limewekwa Paris katika makumbusho ya Louvre. Na juu ya jiwe hilo amechongwa mfalme mwenyewe amesimama kwa adabu mbele ya Shamash, mungu wa jua!

Basi na aangalie mwenye akili. Hisabu walikuwa nayo, na sheria walikuwa nazo, na ujenzi wakiujua. Na pamoja na hayo wakilisujudia jua. Elimu ya dunia ni neema, lakini peke yake haimwokoi mtu na shirki.

Ama mji aliozaliwa Nabii Ibrahim, Qur'ani Tukufu haikuutaja kwa jina. At-Tabari katika taarikh yake amezinukuu kauli mbalimbali: wako waliosema ni Babeli, wako waliosema ni Kutha, wako waliosema ni al-Warka, nao ndio Uruk, na wako waliosema ni Harran. Wengi wengine wautaja Ur. Sisi hatuna haja ya kugombana juu ya jina la mji, kwani miji yote hiyo dini yake ilikuwa ya namna moja.

MIUNGU YAO

Kila mji ulikuwa na mungu wake aliyehisabiwa kuwa ndiye mwenye mji. Nippur ulikuwa wa Enlil, Eridu wa Enki, na Babeli wa Marduk. Mji wa Ur ulikuwa wa mwezi, ambao Wasumeri waliuita Nanna na Waakadi wakauita Sin. Kule Harran nako mwezi uliabudiwa vile vile. Jua, yaani Shamash, lilikuwa na nyumba zake Sippar na Larsa. Na nyota ya Zuhura ilikuwa ndiye Ishtar, aliyekuwa na nyumba kubwa katika mji wa Uruk. Watatu hawa, mwezi na jua na Zuhura, walizoea kuchongwa pamoja juu ya mawe ya mipaka ya mashamba: hilali, na duara ya jua, na nyota.

Mwenye kuyajua haya, kisha akasoma Suratul An'am kutoka aya ya 75 hata ya 79, ataona ajabu kubwa. Humo Mwenyezi Mungu atusimulia jinsi Nabii Ibrahim alivyoionyesha nyota, kisha mwezi, kisha jua. Na kila kimoja kilipotua alikikataa, akasema ya kuwa yeye hawapendi wenye kutua, mpaka akauelekeza uso wake kwa Yule aliyeziumba mbingu na ardhi. Vitu vitatu alivyovitaja ndivyo vile vile vitatu vilivyochongwa juu ya mawe yao! Naye Ibn Kathir katika tafsiri yake ametueleza ya kuwa Nabii Ibrahim hakuwa na shaka hata kidogo, bali alikuwa akijadiliana na watu wake, akiwaonyesha udhaifu wa miungu yao mmoja baada ya mmoja.

NYUMBA ZA MIUNGU

Hekalu kwa lugha zao liliitwa "nyumba" tu. Waakadi walisema "bitu", nalo ni neno lile lile la Kiarabu "bait". Na maana yake kwao ilikuwa ni nyumba hasa. Waliitakidi ya kuwa mungu akaa humo kama mfalme akaavyo katika jumba lake: ana mke na watoto, ana kitanda na mavazi, ana wapishi na waimbaji na mabawabu.

Kando ya nyumba hiyo, katika miji mikubwa, palijengwa mnara wa madaraja uitwao zigurati. Ule wa Ur ulianzwa na mfalme Ur-Nammu, yapata miaka 2100 kabla ya Nabii Isa, na mwanawe Shulgi akautimiza. Tako lake lapata mita 64 kwa mita 45. Ndani ni matofali ya udongo mkavu, na nje ni matofali yaliyochomwa yakashikanishwa kwa lami. Na kwa ajili ya lami hiyo Waarabu wakapaita mahali hapo Tell al-Muqayyar. Mwingereza Leonard Woolley alipachimba tangu mwaka 1922 hata mwaka 1934, na mabaki ya mnara huo yangali yasimama mpaka leo karibu na mji wa Nasiriya. Ule wa Babeli ulikuwa mkubwa zaidi, kila upande wa tako lake wapata mita 91.

Lakini nyumba hizi hazikuwa za ibada tu. Zilikuwa na mashamba, na makundi ya kondoo, na ghala za nafaka, na viwanda vya kufuma sufu. Na zilikuwa zikikopesha fedha na nafaka. Zilikuwa na watumwa waliowekwa wakfu kwa mungu, na kule Uruk watumwa wa Ishtar walipigwa chapa ya nyota katika mkono. Wafalme nao waliwaweka binti zao wawe makuhani wakubwa. Sargon wa Akadi alimweka binti yake Enheduanna katika nyumba ya mwezi huko Ur, yapata miaka 2300 kabla ya Nabii Isa. Na baada ya kupita zaidi ya miaka 1700 mfalme Nabonidus wa Babeli akafanya vivyo hivyo kwa binti yake katika mji ule ule.

Kutokana na haya twafahamu kwa nini kijana mmoja aliyevunja masanamu alitakiwa achomwe moto. Hakugusa mawe na miti tu. Aligusa kiti cha mfalme na riziki ya makuhani, na akagusa mazoea yaliyowaunganisha watu wa mji. Na katika Suratul Ankabut, aya ya 25, Nabii Ibrahim mwenyewe aliwaambia ya kuwa masanamu yale wameyashika kwa ajili ya mapenzi yaliyo baina yao katika maisha ya dunia. Mara nyingi mtu hashiki bid'a kwa kuwa amesadiki. Huishika kwa kuwaonea haya jamaa zake.

SANAMU NA KINYWA CHAKE

Sanamu la mungu lilikuwa la mti, likavikwa dhahabu na kupambwa kwa vito. Wao nao walijua ya kuwa mti ni mti. Basi walifanyaje hata uwe mungu? Katika mabamba ya udongo yaliyopatikana Ninawi na Babeli imeandikwa ibada yao iitwayo "kuosha kinywa". Sanamu lilipokwisha kutengenezwa lilitolewa usiku, likapelekwa bustanini kando ya mto, likaoshwa kinywa mara nyingi na kusomewa azima. Kisha wakaletwa mafundi waliolichonga. Mikono yao ikafungwa kwa kitambaa, ikaguswa kwa kisu cha mti kana kwamba yakatwa, na kila fundi akaapa ya kuwa si yeye aliyelifanya, bali aliyelifanya ni mungu wa mafundi.

Tazameni, ndugu zetu! Fundi ajua kwa yakini ya kuwa alilichonga jana, na leo yuaapa mbele ya watu ya kuwa hakulichonga. Sasa someni Suratus Saffat, aya ya 95 na 96, ambapo Nabii Ibrahim awauliza watu wake vipi waviabudu walivyovichonga wenyewe, na hali Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaumba wao na hivyo wavifanyavyo. Swali hilo lapiga pale pale penye uongo wao. Ni mkuki uliotupwa na mtu ajuaye shabaha yake ilipo.

Baada ya kinywa kuoshwa, sanamu lilihisabiwa kuwa laweza kula. Bamba moja la Uruk, la zama za wafalme wa Kiyunani waliomfuata Iskandari, laeleza ya kuwa miungu iliandaliwa mara nne kila siku: mara mbili asubuhi na mara mbili jioni. Iliwekwa meza, yakaletwa maji ya kunawa, kisha nyama na mikate na tende na pombe, na waimbaji wakiimba. Pazia likafungwa ili mungu ale faraghani. Pazia lilipofunguliwa chakula kilikuwa vile vile kilivyo! Kikaondolewa, kikaliwa na mfalme na makuhani. Na mafungu ya chakula hicho yalikuwa haki ya watu maalumu, wakirithishana na kuuziana kama mtu auzavyo shamba lake.

Na katika sura ile ile ya as-Saffat, aya ya 91 na 92, twaambiwa ya kuwa Nabii Ibrahim aliiendea miungu yao kwa siri akaiuliza mbona haili, kisha akaiuliza ina nini hata haisemi. Wafasiri wamesema ya kuwa mbele ya masanamu palikuwa na chakula kimewekwa kitiwe baraka. Na udongo wa Uruk umetuonyesha ya kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nchi ile.

WAOMBEZI

Liko jambo jingine ambalo twalitilia mkazo zaidi. Watu wa kawaida hawakuthubutu kumwendea mungu mkubwa. Katika mihuri yao midogo ya mawe, ambayo imepatikana kwa maelfu, mara nyingi huonekana mtu ameshikwa mkono na mungu mdogo, yuapelekwa mbele ya mungu mkubwa aliyekaa kitini. Mdogo ndiye mwombezi wake. Na katika mahali paitwapo Tell Asmar, wachimbaji katika miaka ya 1930 walifukua masanamu kumi na mawili ya watu waliokunja mikono kifuani na kutumbua macho, nayo ni ya yapata miaka 2700 kabla ya Nabii Isa. Masanamu hayo hayakuwa ya kuabudiwa, isipokuwa machache ambayo watu wa elimu hiyo wamehitilafiana juu yake. Yalikuwa ni ya wenye kuabudu: mtu akiweka sanamu lake katika hekalu limwombee usiku na mchana, naye yuko sokoni kwake.

Mwenyezi Mungu ameutaja udhuru huu katika Suratuz Zumar, aya ya 3, ya kuwa washirikina hudai hawawaabudu walinzi wao ila ili wawakurubishe kwa Mungu. Na Imam Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas ya kuwa Wadd na Suwa' na Yaghuth na Ya'uq na Nasr, walioabudiwa na watu wa Nabii Nuh (A.S.), walikuwa watu wema. Walipokufa watu wakawawekea masanamu ya kuwakumbuka. Na elimu ilipopotea, yakaabudiwa. Basi shirki haiingii mjini kwa mlango wa ubaya. Huingia kwa mlango wa kuwatukuza wema kupita mpaka.

NYOTA NA UTABIRI

Wababeli walizitazama nyota kwa bidii, na hisabu zao za kupatwa kwa jua na mwezi ni za kusifiwa. Lakini waliichanganya elimu hiyo na ubashiri. Mwezi ukipatwa na wabashiri wakasema ya kuwa mfalme atakufa, mfalme alijificha, na mtu mwingine akavikwa taji na kuketishwa kitini mpaka muda wa hatari uishe, nao huenda ukafika siku 100. Kisha maskini yule akauawa, ili ubashiri uwe umetimia kwake! Jambo hili lilifanywa zaidi ya mara moja katika zama za Esarhaddon, mfalme wa Waashuri, aliyetawala tangu mwaka 681 hata mwaka 669 kabla ya Nabii Isa.

Linganisheni na mwaka wa 10 wa Hijra, alipokufa Ibrahim mwana wa Mtume wetu (S.A.W.), na jua likapatwa siku ile ile. Watu walianza kusema ya kuwa jua limepatwa kwa msiba huo. Mtu mwenye kutaka utukufu angalinyamaza tu. Lakini Mtume, naye ndiye aliyefiwa, aliwakataza, akawafundisha ya kuwa jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu ye yote.

MWISHO WA MIUNGU HIYO

Yapata mwaka 2004 kabla ya Nabii Isa, watu wa Elamu waliuvunja mji wa Ur, wakamchukua mfalme wake mateka. Na mnara wa mwezi haukumfaa kitu. Sanamu la Marduk nalo lilichukuliwa Babeli zaidi ya mara moja, na lilikaa Elamu mpaka Nebukadreza wa Kwanza alipolirudisha katika karne ya 12. Walioliabudu hawakusema ya kuwa mungu wao ameshindwa. Walisema ya kuwa ameghadhibika akaondoka kwa hiari yake.

Mfalme wa mwisho wa Babeli, Nabonidus, alikuwa na mapenzi makubwa ya mungu mwezi. Aliuacha mji wake akakaa miaka kumi Taima, katika Bara Arabu, na katika maandishi yake yaliyopatikana Harran amezitaja Khaibar na Fadak na Yathrib. Mwaka 539 kabla ya Nabii Isa, Koreshi wa Uajemi akaitwaa Babeli. Na baada ya zaidi ya miaka 1100, mwaka 622, katika Yathrib ile ile iliyofikiwa na mwenye kuabudu mwezi, akaingia Mtume Muhammad (S.A.W.) na mila ya Ibrahim, nao ukawa ndio Madina. Leo hakuna nyumba hata moja ya Sin wala ya Marduk yenye mtu wa kuiabudia.

NYUMBA YETU NA NYUMBA ZAO

Huenda mtu akauliza: Nanyi Waislamu mna Nyumba, yatofautiana nini na zao? Jawabu ni hili. Aliyeyavunja masanamu ndiye aliyeinyanyua misingi ya Al-Kaaba pamoja na mwanawe Ismail (A.S.). Ndani yake hamna sanamu, wala kitanda, wala meza ya chakula. Mnyama achinjwapo katika Haji huliwa na watu na maskini, na Suratul Hajj, aya ya 37, yatufundisha ya kuwa nyama wala damu haimfikii Mwenyezi Mungu. Kimfikacho ni ucha-Mungu wetu. Naye Sayyidna Umar (R.A.) alipolibusu Jiwe Jeusi alisema wazi ya kuwa alijua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na hangalilibusu lau hakumwona Mtume akilibusu. Fundi wa Babeli aliapa ya kuwa mti si mti. Umar alitangaza ya kuwa jiwe ni jiwe. Hiyo ndiyo tofauti.

MAFUNZO KWETU

Ndugu zetu, sisi hatumwiti Muislamu kafiri, wala hatuwafananishi watu wetu na Wababeli. Kuzuru makaburi na kuwaombea maiti rehema ni Sunna. Lakini haki haifichwi. Katika miji yetu wako wawekao sinia ya pepo, yenye halua na mayai na ubani, kisha ikaliwa na mganga. Je, si ile ile meza nyuma ya pazia? Wako wapelekao chakula pangoni na chini ya mbuyu, na wako wamwekeao nadhiri sheikh aliyekufa ili awape mtoto. Wako wasioozana wala kusafiri mpaka watazamiwe nyota. Na ukiwauliza, hujibu ya kuwa wamewakuta wazee wao wakifanya hivyo. Hilo ndilo jawabu walilompa Nabii Ibrahim watu wake, kama ilivyo katika Suratul Anbiya, aya ya 53.

Na madhara yake si ya Akhera peke yake. Mara ngapi mtoto hushikwa na homa, na mama yake akaambiwa auze bangili zake alete mbuzi na kaniki kwa ajili ya pepo, na huku hospitali haiko mbali? Pepo hali mbuzi. Mtoto ndiye aliwaye na homa. Mwenye kunyamaza hapo kwa kuchelea kuudhi jamaa, na akumbuke ya kuwa Nabii Ibrahim alianza kumnasihi baba yake mwenyewe, tena kwa maneno ya upole na heshima.

Basi tuanze majumbani mwetu, kwa upole huo huo. Tuwafundishe wake zetu na watoto wetu ya kuwa Mwenyezi Mungu hulisha wala halishwi, kama ilivyo katika Suratul An'am, aya ya 14, na ya kuwa mlango wake hauna bawabu.

MASWALI YA DARASA

1. Ni vitu gani vitatu alivyovikataa Nabii Ibrahim katika Suratul An'am, na kila kimoja kiliitwa nani na Waakadi?

2. Mafundi wa masanamu waliapa nini, na ni aya gani iubatilishayo uapo wao?

3. Eleza tofauti tatu baina ya Al-Kaaba na nyumba za miungu ya Babeli.

4. Itaje desturi moja ya mtaani kwako iliyofanana na mambo haya, na useme utamnasihi vipi mwenye kuifanya bila ya kumvunjia heshima.

Wabillahit tawfiq.